Gari Kwisha

Jumamosi, 22 Septemba 1956

Mama, leo ninaanza kuandika, na nimeweka nadhiri mbele ya picha ya Bikira Maria iliyo juu ya kitanda changu: nitakueleza yote yanayotokea hapa Kindu mpaka siku utakaporudi, mazuri na mabaya, hata yale ambayo Baba angependa usiyasikie. Masera Bernadette, mtawa anayetufundisha, amempa kila msichana wa darasa letu daftari moja. Wenzangu wataandika Kifaransa ili kumpendeza. Mimi nimemwomba ruhusa niandike Kiswahili, kwa sababu msomaji wangu yuko Obokote na hajui kusoma, na atakayemsomea ni mjomba Félicien, katekista. Masera amekubali, ila ameniambia nukta na mikato zikae mahali pake. Mjomba Félicien, nakuomba nawe uzitii. Ukipita mbio kama unavyopita kwenye litania, Mama hatasikia kitu.

Daftari hili litakuja kwako na gari yenyewe. Asubuhi Baba ameipeleka kamioneti, gari yetu ndogo ya mizigo, kwenye gereji ya Bwana Hoornaert, yule Mbelgiji aliyetuuzia. Unaikumbuka pedali ya kushoto, ambreyaji, iliyokuwa ikilegea mlipokwenda mwezi wa nane kumuuguza Bibi? Juzi gari ilipakia mpunga, ikashindwa kupanda kutoka mtoni, ikarudi nyuma yenyewe mpaka watu wakaiwekea mawe. Bwana ameitazama kidogo tu akasema: Jumatano. Basi Jumatano Baba atavuka Lualaba na kushika njia ya Punia, na wewe na mdogo wangu Jeannette mtakuwa nyumbani kabla maji ya mto Ulindi hayajapanda na pantoni inayovusha magari kufungwa. Mtoto atazaliwa hapa, karibu na hospitali, si kama yule aliyetangulia. Nisamehe kumtaja. Nimeapa kuandika yote.

Siku ile ya kuondoka ulikipigapiga kile kiti ulichokishonea kitambaa cha samaki wa bluu, ukasema, "Gari hii itakwisha siku moja, na mimi nitarudi kwa miguu yangu." Baba alicheka. Haijakwisha, Mama. Inatengenezwa.

Jumatano, 26 Septemba

Bado. Bwana alikwenda kuvua samaki tangu Jumapili, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake.

Ijumaa, 28 Septemba

Mvua ya kwanza kubwa. Gari bado.

Jumatatu, 1 Oktoba

Sasa tunaambiwa kuna kipande kinachotakiwa, na Kindu hakipo. Kitoke Ulaya, kishuke Matadi, kisafiri kwa treni na kwa mto hadi Stanleyville, kwa treni tena hadi Ponthierville, kisha kwa meli mpaka hapa. Nimeifuata njia hiyo kwa kidole kwenye ramani ya darasani, na kidole kimechoka. Baba aliuliza kama kipande kimekwisha kuagizwa. Akajibiwa kwamba kwanza itatazamwa meli ya wiki hii, labda kimo. Yaani hakijaagizwa. Wanangoja kitu ambacho hawakukiita.

Jumamosi, 6 Oktoba

Leo nimekwenda na Baba, nami nikuchoree gereji ilivyo, maana wewe uliipita siku ya kununua gari tu, na siku ya kununua kila mlango huwa wazi.

Upande wa barabara kuna mlango wa kioo. Ndani inang'aa gari mpya nyeusi, na ukutani pana picha ya mwanamke wa Kizungu anayecheka na usukani. Huko wanaingia Wazungu. Sisi tunazunguka nyuma, tunapita kwenye matope yaliyochanganyika na oili, tunafika kwenye dirisha lenye nondo. Nyuma ya nondo anakaa karani Florentin. Unamjua, ndiye anayeimba sauti ya pili kwenye misa kubwa, mume wa Adolphine anayetufundisha kushona. Ana tai, nywele zake zimechanwa kwa mstari, na Kifaransa chake hata Masera anakisifu. Mimi nilimstahi sana. Nilifikiri, gari yetu ina mtu wake mle ndani.

Kila akifika dirishani, Baba huvua kofia. Florentin hainui macho. Analiambia daftari lililo mbele yake, "Bado kipande, Baba Victorine. Meli ijayo." Tulisimama hapo tangu jua kuchomoza mpaka adhuhuri. Mzungu mmoja alileta gari iliyopasuka tairi, akaondoka nayo nzima. Mwingine alileta gari iliyolia vibaya, ikanyamaza, akaondoka. Kwa hiyo kutengeneza wanajua.

Halafu Bwana Hoornaert mwenyewe akatokea, na Baba akamweleza habari yako, na mtoto, na Ulindi. Bwana anasema kile Kiswahili chao cha kuamrishia. Hakina jana wala kesho, hakina mimi wala yeye, maneno yake ni hapana, pesi, bado na kwisha. Akasema, "Mvua hapana kazi ya mi." Ndiyo yote.

Nilimuuliza Baba njiani kwa nini tusimpe fundi mwingine. Akanionyesha karatasi ya garanti aliyoitia plastiki kama picha ya mtakatifu. Mkono mwingine ukiigusa gari, garanti inakufa. Baba anaiamini karatasi hiyo. Nami nimeisoma, imeandikwa Kifaransa kizuri sana.

Jumanne, 9 Oktoba

Meli imefika. Imeleta bia, saruji na piano ya mtu. Kipande hapana. Masera anasema chuki ni dhambi na mtu aiungame. Nitaungama Jumamosi. Leo ni Jumanne.

Jumapili, 14 Oktoba

Mzee Masudi, jirani yetu, shofa anayeendesha lori la tajiri Bulaimu, ameketi na Baba barazani. Alimuuliza kama gari yetu iko inasoma, na ni shule gani hiyo isiyokuwa na likizo. Baba hakucheka. Mzee Masudi akaendelea, "Ile sasa njo bibi ya Bwana Hoornaert, ndugu yangu. Alishaioa. Mahari je, ulipata?" Hapo hata Baba alicheka, lakini kofia aliishika magotini na kuizungusha zungusha, na niliona ukingo wake umeanza kulika kwa kuvuliwa.

Mama Sharifa, mkewe Mzee Masudi, ametuletea sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa. Anakusalimu. Anauliza tumbo limefikia wapi.

Alhamisi, 18 Oktoba

Wamefungua injini. Hakuna aliyewaambia wafungue injini. Baba amechungulia kupitia ua wa nyuma akaiona imetandazwa juu ya magunia kama vyombo sokoni, na mvua inapulizia humo. Alipouliza, Florentin alijibu kwamba Bwana ameona injini ni chafu. Ni kama mtu aliyempelekea daktari kidole, akarudi kukuta tumbo lake liko wazi na daktari amekwenda kula.

Nilipomwona Florentin leo akijipangusa kola kwa leso nyeupe, nilitaka tope limrukie.

Jumanne, 23 Oktoba

Lualaba imepanda mpaka kwenye jiwe la wafuaji. Usiku na mchana inanyesha. Meli imefika, kipande hapana. Katika sala ya asubuhi Masera alituambia tuombee wasafiri. Niliomba, kisha nikaomba pia gereji ile ipigwe na radi, siku ya Jumapili, wakati hamna mtu ndani. Naona hiyo ni haki.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mama, gari kwisha.

Florentin amekuja mwenyewe nyumbani jioni kwa baiskeli. Alisimama nje ya ua, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, akasema, "Bwana alinituma nikuambie: gari kwisha." Baba alimshika mkono kwa mikono miwili. Alimwomba akae, anywe hata maji, Florentin akasema ana haraka, akapanda akaenda. Watu wa ofisi ndivyo walivyo. Nimemsamehe tai yake, na kola, na nondo zote.

Mzee Masudi anaondoka kesho alfajiri na lori la Bulaimu. Linakwenda kukaa Stanleyville kwa ndugu yake Bulaimu, naye atarudi kwa treni na meli, ndiyo sababu hawezi kukuchukua. Lakini atapita Obokote. Wakati ninaandika Baba yuko kwake anampa habari. Namsikia mpaka huku. Anasema kwa sauti ya mtu aliyeoa jana, "Umuambie mama ya Victorine, gari kwisha." Utaisikia Jumatatu au Jumanne. Ningependa kuiona sura yako.

Daftari sasa ninalifunga kwa kamba. Kesho kutwa litakuja na Baba.

Jumatatu, 29 Oktoba

Nimeifungua kamba. Sikuwa nimefikiri nitaifungua.

Masera alinipa ruhusa ya asubuhi, ili nimsomee Baba karatasi ya kutia sahihi. Baba alivaa koti lake la harusi. Kofia alikuwa ameipiga brashi mpaka ikawa kama mpya. Mimi nilibeba kapu la safari: mayai ya kuchemsha, chapati za Mama Sharifa, machungwa na kisu cha kuyamenyea. Baba alibeba kichwani debe la esansi, petroli ya safari, akiwa na koti lile lile, na watu wa mtaa wetu wa Kasuku walimsalimu wakicheka, nasi tulicheka.

Dirishani Florentin alituona, akaona kapu, akaona debe. Uso wake ulibadilika. Akasema tungoje, akaingia ndani. Tukangoja. Akatoka Bwana Hoornaert, na nyuma yake Florentin, akitazama viatu vyake.

Baba akavua kofia. "Bwana, nimekuja kuchukua gari."

Bwana alimtazama, akamtazama Florentin, kisha akatoa kicheko kidogo cha puani. Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya banda.

Tulikwenda. Mama, kamioneti yetu iko juu ya matofali. Magurudumu hakuna. Injini hakuna, mahali pake kuku amejitengenezea kiota. Taa hakuna. Kilichobaki ni mabati, na kwenye mlango yale maandishi meupe, jina la Baba na la mtaa, TAMBWE – KASUKU, kama jina juu ya msalaba. Baba aliuzunguka mzoga ule mara moja, polepole, akiwa bado na debe mkononi, kama mtu anayetafuta mahali pa kuijazia esansi.

Alirudi kwa Bwana. Aliuliza kwa adabu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ni vipi tuliambiwa imekwisha.

Bwana akasema, "Kwisha. Mi nasema gari ya weye kwisha. Hapana moteri, hapana magurudumu, hapana kitu. Kwisha njo kwisha. Weye hapana masikio?"

Hapo ndipo nilipoelewa, Mama, na Baba naye akaelewa, nikaona neno linavyomwingia. Sisi tulisikia: imetengenezwa, njoo uichukue. Yeye alisema: imekufa, usije tena. Neno ni moja. Mafundi uani walianza kucheka, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu Bwana alikuwa akitazama kama wanacheka.

Nikageuka nisiwaone, na mbele yangu palikuwa na lori la mwenye shamba la kahawa, limeoshwa, limewashwa, lenye magurudumu ninayoyajua. Shofa wake alikuwa amefungua mlango apande. Na kiti cha shofa kilikuwa na samaki wa bluu.

Sijui nani aliniambia nitembee. Nilikwenda mpaka mbele ya Bwana Hoornaert na nilisema kwa Kifaransa, polepole, kama tunavyofundishwa kusoma kwa sauti, "Bwana, kiti kile kimeshonwa na mama yangu." Niliongeza kwamba mama yangu ni mjamzito, yuko ng'ambo ya Ulindi, gari ililetwa kwa sababu ya pedali moja, na garanti tunayo, nami nimeisoma. Kila kitenzi kilikaa mahali pake. Hakika hata Masera asingeona kosa.

Bwana hakunijibu Kifaransa. Alinijibu kile cha amri, ili nijue nimewekwa wapi. "Mutoto, nani naita weye? Rudi nyumba."

Kisha Baba akavaa kofia. Naandika hivyo kwa sababu hajawahi kuivaa mbele ya mtu yule. Aliweka debe chini, akaja kwenye kapu langu, akachukua kisu cha machungwa. Florentin alisema, "Tambwe," mara moja tu, bila kutanguliza Baba wala Bwana. Baba alipita. Shofa wa lori alikitazama kisu, akamtazama Baba, akashuka akasogea pembeni kama anayempisha mtu kanisani. Baba akainama ndani na akaanza kukata nyuzi zako, Mama, moja moja, asichane kitambaa. Ilichukua muda mrefu. Bwana alikuwa akipiga kelele kwamba ataita polisi, kwamba huo ni wizi, na alikwenda kwenye simu, na sijui alisema nini kwenye simu, maana hakuja mtu. Labda hakupata maneno ya kueleza kilichoibwa.

Baba alikikunja kitambaa mara nne, akakitia kifuani chini ya koti. Tukapita kwenye mlango wa kioo. Gari nyeusi ilikuwa ile ile na mwanamke alikuwa bado anacheka. Hatukuzunguka nyuma.

Debe la esansi tumelisahau kule. Ninawatakia lipasuke.

Jumatano, 31 Oktoba

Bwana Hoornaert amelalamika shuleni kwamba mwanafunzi wa Masera amemtukana mbele ya wafanyakazi wake. Masera Bernadette aliniuliza nilisema nini. Nikamrudia neno kwa neno. Akasema hata hivyo lazima niandike barua ya kuomba radhi. Nimeandika kwamba ninaomba radhi kwa sauti yangu. Maneno sikuyagusa. Masera aliisoma mara mbili, akanisahihishia herufi moja, akaitia bahasha. Nilidhani ataniambia niandike nyingine. Hakuniambia.

Alhamisi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Hii ndiyo siku uliyokuwa uwe nyumbani, kama Baba angeondoka na gari Jumatatu.

Florentin ameimba sauti ya pili, vizuri kama kawaida, na nilimchukia kwenye kila wimbo. Baada ya misa nilimfuata nje. Nilimuuliza kama siku ile ya baiskeli alijua Bwana ana maana gani. Alitazama kama kuna mtu karibu, akasema, "Mimi nalisema sawa vile alisema. Hata nukta sikuongeza." Adolphine akamvuta mkono.

Kwa hiyo alijua. Mtu asiyejua angesema sikujua. Aliliona neno lina pande mbili, akaliacha mlangoni petu, akapanda baiskeli kabla hatujaligeuza. Bwana Hoornaert hajui Kiswahili, huyu anakijua. Namwona mbaya kuliko yule. Na kukataa kwake maji sasa nakuelewa.

Jumapili, 4 Novemba

Tangu jana kuna jambo linamsumbua Baba, na leo amelisema wakati tunakula, akaacha kula. "Masudi amekwisha kufika Obokote." Wote wawili tuliwaza jambo moja: neno lile lile limekwenda kwako kwa lori, na hatuwezi kulikimbilia.

Jumatatu, 5 Novemba

Baba ameondoka kwa baiskeli aliyoiazima. Amevuka Lualaba kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa miguuni pake. Kofia kichwani, kitambaa chako amejifunga begani, juu ya koti la mvua. Nilimwambia kitalowa. Akasema, "Kilowe. Ataniona toka mbali." Ninalala kwa Mama Sharifa.

Nilikuwa nikimwonea haya Baba pale dirishani, Mama. Nilidhani anavua kofia kwa woga. Sasa najua alikuwa akiwavulia kwa ajili yako.

Alhamisi, 8 Novemba

Mvua. Mvua tu.

Jumamosi, 10 Novemba

Wanasema kebo ya pantoni ya Ulindi imekatika. Gari hazivuki tena. Watu wanavuka kwa mitumbwi, mto ukikubali. Baba sina habari zake.

Jumatatu, 12 Novemba

Florentin amekuja tena kwa baiskeli, mguu mmoja chini, ule ule. Bwana amesema Baba akaondoe mabati yake uani, gari mpya zinakuja na meli, nafasi inatakiwa. Mabati yake. Walikula nyama yote, sasa mifupa inawachafulia ua.

Nilimwambia kwamba Baba hayupo, na jibu nitalitoa mimi. Nikasema, "Umuambie Bwana: kwisha."

Akauliza, "Kwisha nini?"

"Mwambie vile nimesema. Hata nukta usiongeze."

Matone yalimdondoka kwenye tai. Kisha akaenda. Mama Sharifa alikuwa nyuma ya mlango; amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nikifikiria kwamba kwangu neno lile lilitoka mdomoni kwa urahisi.

Jumatano, 14 Novemba

Mzee Masudi amerudi na meli. Hata mzigo hajautua nilimuuliza kama alikuona.

Alikuona. Mvua ilikuwa imeanza, injini hakuizima, ulitoka kwa Bibi ukaja mpaka kwenye lori, umemshika Jeannette mkono. Alikuambia kwa furaha, kama alivyotumwa. Nikamuuliza alisema vipi hasa. Akasema, "Vile baba yako alisema. Gari kwisha." Na kwamba Baba yuko njiani? Hilo hakulisema. Gari ikishakuwa tayari, alidhani kila mtu anajua mwenyewe atakuja.

Nikamuuliza wewe ulijibu nini. Hapo akavua kofia yake ya kufuma, akaishika.

"Alinitazama. Akauliza, 'Kwisha kabisa?' Mi nikasema, 'Kabisa, mama.' Akasema, 'Basi najua la kufanya.' Akarudi ndani, nikaona anatoa kanga anafunga mizigo. Mi nikaona ni vizuri, anajitayarisha. Hakucheka, lakini nikasema, muke mwenye mimba amechoka." Kisha akaniuliza, "Nilisema vibaya, binti yangu?"

Nilimweleza. Mama Sharifa aliacha kupepeta mchele. Mzee Masudi, ambaye hana siku isiyokuwa na mzaha, alikwenda kusali kabla magharibi haijafika.

Alhamisi, 15 Novemba, asubuhi

Ninaandika nimesimama. Abedi, shofa wa lori la Serikali la barabara, anapeleka kebo mpya Ulindi, na amekubali kulichukua daftari hili. Atampa mwenye mtumbwi, naye atampa mtu wa Obokote. Abedi atakaa huko mpaka kebo ifungwe, kisha atarudi, na jibu atarudi nalo. Masera ameniruhusu nichelewe, na yeye mwenyewe amenipa bahasha kubwa ya mpira ya kukinga maji.

Mjomba Félicien, kama Mama yupo hapo, msomee yote tangu mwanzo. Kama hayupo, acha mengine, soma ukurasa huu peke yako, kisha toka uulize kila mtu apitaye njia ya Ulindi kama amemwona mama mwenye mtoto wa kike wa miaka mitatu. Na kama umemwona mwanamume wa baiskeli mwenye samaki wa bluu begani, huyo ni Baba. Mwambie asirudi bila wao.

Gari yetu imekwisha, Mama, kwa maana yao. Mabati wayale. Nilitaka kukuandikia mambo mengi juu yao, na nadhiri ingeniruhusu, lakini Abedi amewasha injini na limebaki jambo moja tu ambalo sikulijua. Nijibu kwa mkono huu huu wa Abedi, hata kwa neno moja, ila lisiwe lile. Uliposikia "kwisha kabisa", ulisikia imepona au imekufa? Mizigo ile uliifunga ili ukae barabarani umngoje Baba, au ndiyo uko njiani kwa miguu yako, kama ulivyosema siku ile?